Nani Alitundika Mzinga wa Kwanza

Stelia mwanangu,

Kabla hujapanda basi kesho, ujue kwamba unayemwacha nyuma si mtu wa kuachwa hivi hivi. Toka Kumsenga hadi Makere hakuna nyuki asiyenijua. Nikipita porini wananipisha njia. Mwaka ule nilipohamisha kundi zima kwa mluzi tu, walinifuata mpaka Kasulu mjini, wenye maduka wakafunga milango na wateja wakiwa ndani. Mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kushuka kwenye gari lake akaniomba ushauri, nikampa yeye akiwa amesimama na mimi nimekaa. Huyo ndiye baba yako mdogo. Na huyo ndiye uliyemwaibisha mbele ya chama cha wafuga nyuki, kwa kompyuta yenye kioo kilichopasuka.

Ya kula na kulala sikuandikii. Mama yako amekwisha kukufungia unga wa muhogo na samaki wakavu wa migebuka, na ya nauli na ya wanaume na ya kufua ameyasema yote. Nimemsikia kupitia ukutani. Mimi naandika yaliyonikaa kooni. Usitafute asali humu.

Watu wanasema niliishia darasa la tano. Sikuishia mimi, mwalimu ndiye aliyeishiwa. Kwa hiyo usidhani naandika kwa wivu wa shule. Naandika kwa sababu unakwenda Dodoma kuisomea zaidi hiyo mantiki yako ya mashine, na utakuta huko wenye vyeti wanaokusifu, na hakuna hata mmoja atakayekuambia ulikosea wapi hapa nyumbani. Mimi nitakuambia. Nina haki hiyo. Nilikulea tangu baba yako Damiani alipofariki, na ada zako za sekondari zililipwa kwa nta na asali ya ukoo huu.

Kabla hujaja na mashine yako, kesi za miti zilikuwa zinaletwa kwangu. Desturi yetu unaijua. Mti wa porini haukupandwa na mtu, lakini una mwenyewe. Ni wa yule aliyetundika mzinga wa kwanza juu yake, na baada yake ni wa wazao wake, na wazao wa wazao wake. Watu wawili wakigombea mti, nilikuwa nawakalisha barazani kwangu. Naanza na chui, nakwenda kwenye mafuriko ya Malagarasi, narudi kwa babu zao, naingia kwenye vita ambavyo hata mimi sikuviona, mpaka njaa inawashika na wanapeana mikono ili wakale. Hakuna aliyepata jibu na hakuna aliyelalamika. Wazee wenzangu waliita hiyo hekima. Mimi niliwaacha waite.

Halafu ukarudi kutoka chuo cha Kasulu na kompyuta mgongoni. Ukakaa pale penye kivuli cha jiko, ukasema unatengeneza kitu cha kujibu kesi za miti. Nikaja kuangalia. Nikategemea kuona mambo. Nikakuta maneno ya kuhesabika kwa vidole: kila, yupo, si, na, au. Kisha "alitundika kwenye", na "mzao wa". Basi.

"Haya ndiyo yote?" nikakuuliza. "Mtoto anayeachishwa ziwa ana maneno mengi kuliko hii."

Ukajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana inajibu, baba mdogo."

Jibu hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Lakini nilikaa nikakusikiliza, maana mimi si mtu wa kukimbia elimu. Ukasema wako watu waliokaa wakazipima lugha za namna hii moja moja, kama mrina asali anavyoipima kamba kabla ya kuipandia. Lugha nyingine ina nguvu, unaweza kusema karibu kila kitu ndani yake. Ila ukiiuliza mashine swali kwa lugha hiyo, hakuna anayeweza kukuahidi kwamba itarudi na jibu. Lugha nyingine inasema machache, na ahadi ipo: itachelewa au itawahi, lakini itarudi. Ukasema kazi yote ya fundi ni kutafuta mpaka, aongeze maneno hadi pale ambapo likiongezwa moja zaidi ahadi inakufa.

Nikakuambia hilo dogo, tutauza debe la asali tununue mashine kubwa. Ukacheka, na kicheko chako ni cha Damiani, kinatokea puani. Ukasema hata ikiwa kubwa kama mlima wa Heru hakuna kitakachobadilika. Si upungufu wa umeme wala wa mashine. Watu wamethibitisha kwamba haiwezekani, na yakithibitishwa hivyo hayana rufaa.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni pale uliposema kwamba "sijui" nalo ni jibu. Mashine yako ikisema sijui, maana yake imeyapitia yote iliyoambiwa, ikaona hayatoshi kusema ndiyo wala hapana, ikamaliza kazi. Mimi katika maisha yangu sijawahi kusema sijui. Muulize yeyote, hata wanaonichukia. Ukinionyesha jiwe nitakuambia ukoo wake. Sasa kitu kisicho na mama wala kabila kinasema sijui mbele za watu, na watu wanatikisa vichwa kwa heshima.

Kwa maana watu walikuja, usibishe, na wewe ulifurahi. Walikuja wa hapa, wakaja hata wa Rungwe Mpya na pikipiki zao. Wanaeleza, unaandika, mashine inasema ndiyo, au hapana, au sijui, na wanaondoka kabla uji haujapoa. Baraza langu likabaki na kuku. Mwenyekiti wa chama, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha malkia na dume, akaanza kupita mlangoni kwangu kwa salamu za mbali. Yule afisa nyuki aliyeletwa kutoka Singida, aliyewahi kunipiga picha kwa sababu mimi ndiye wa kwanza Kumsenga kuachana na mizinga ya magogo ya kutundikwa juu na kuweka masanduku ya kisasa kwenye vigingi vya chini, hata yeye alisema sasa chama kimepata dira. Dira. Kana kwamba tulikuwa tumepotea.

Nakuja kwenye mninga.

Mninga ule mkubwa wa kule bondeni kila mtu anaujua, na hadithi yake wanaijua kuliko sala. Nimeisimulia kwenye misiba na harusi. Nilipanda na mzinga mgongoni, nikafika kwenye tawi, nikamkuta chui amelala, nikamwambia sogea, naye akasogea. Watoto wa hapa wanauita mti wa chui. Mizinga ya baba yako iko juu yake mpaka leo, na mama yako aliposimama kwenye mkutano wa chama alikuwa amebeba kamba begani tayari. Aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kutafuta mtu wa kumpandia, aisafishe ile mizinga ya marehemu na kutundika mingine kabla miyombo haijatoa maua. Hana shamba la maana. Ana mti ule tu. Hakusema hivyo, lakini nani asiyejua.

Ukaiuliza mashine kama mninga ni wa wazao wa Damiani. Ikasema sijui.

Wote wakageuka kunitazama mimi. Mwenyekiti akasema mashine haina kosa, kwa kuwa hakuna aliyeiambia nani alitundika mzinga wa kwanza pale. Akasema, "Mlikuwa mnakwenda wewe na marehemu. Aliyebaki ni wewe. Tupe jina moja."

Nikaanza na chui.

"Ya chui tumeisikia," akasema. "Jina."

Hapo ndipo nilipoigeukia mashine yako, na nilikuwa na hoja, usinidharau. Nikasema jambo hili ni zito na lugha yenu ni ya kitoto. Mnataka kuupima ukoo kwa maneno ambayo hata kuku angeyaona machache. Iongezeeni. Nikataka iandikwe kwamba kila mwenye mti lazima awe na mzao. Ukaandika, mashine ikakubali. Nikataka iandikwe kwamba mzao wa mzao naye ni mzao. Ukasema hilo limo tangu mwanzo. Nikataka iandikwe kwamba mwenye mti, ukiwahesabu wazao wake wote wanaoutumia, watoto na wajukuu na vitukuu mpaka chini kabisa, wasizidi kumi. Wakizidi, mti unarudi kwa ndugu wa aliyeutundikia. Huyo ndugu wote mlimjua ni nani.

Ukasimamisha mkono. Ukaeleza mbele ya watu wote, kwa adabu, nakupa haki yako. Ulisema kuhesabu unaruhusu: watoto wa mtu wahesabike, sawa. Neno "mzao" nalo unaruhusu, ingawa linajiendeleza lenyewe bila mwisho. Lakini kuviunganisha viwili hivyo, kuhesabu kwa kufuata neno linalojiendeleza, hapo ndipo mpaka ulipo. Umeweka mlango, na mashine inakataa sentensi ya namna hiyo kabla haijaanza kuifikiria.

"Fungua mlango," nikasema.

"Baba mdogo, nikifungua, ahadi ya jibu imekufa."

"Mimi ni baba yako. Fungua."

Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Sawa, baba mdogo."

Ukafungua, ukauliza upya swali lilelile, na mashine ikaanza kuvuma. Tukangoja. Akina mama wakamaliza kuchambua maharage waliyokuja nayo. Mwenyekiti akauliza imefika wapi. Ukamwambia inawazua wazao ambao hawajazaliwa, mmoja chini ya mwingine. Ukasema zamani ilikuwa ikimwona mzao anayefanana na aliyekwisha kupita, inasema huyu namjua, inasimama. Sasa kwa sababu lazima ihesabu ukoo mzima, haithubutu kusema huyu namjua. Akauliza basi itamaliza lini. Ukasema, "Labda inakaribia. Labda haitamaliza milele. Kwa kuitazama huwezi kujua."

Betri ikaisha.

Nikasimama nikatangaza kwamba hata mashine imekosa la kusema mbele ya mti wangu. Wengine wakapiga makofi, na Sefu, yule muuza vifaa aliyekuja na Kiswahili chake cha pwani kununua nta, akasema, "Bwana huyu amshinda mwenye mashine kwa kuirefushia maneno." Nililipokea kama sifa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoanza kulitafuna, likawa chungu.

Mwenyekiti akaufunga mninga. Hakuna kutundika, hakuna kurina, mpaka jibu lipatikane. Mama yako akaondoka na kamba yake begani vilevile alivyokuja nayo.

Sasa nikulaumu vizuri. Kwa nini ulifungua ule mlango? Ulijua. Katika mkutano mzima ni wewe peke yako uliyejua kitakachotokea, ukasema sawa baba mdogo, ukaniacha nitumbukie mbele za watu na mama yako nikamvuta nyuma yangu. Utasema ni heshima. Hapa kwetu mtoto hamkatalii baba mdogo hadharani, najua, mimi mwenyewe ningekuchapa kwa ulimi. Lakini heshima gani ya kumshikia mtu mzima mlango wa shimo? Sijakusamehe. Huko uendako utakutana na wakubwa wa kweli, wenye magari, watakuambia ongeza hili, ongeza lile, lugha yako ni nyembamba, fungua. Na wewe mkono wako ni mwepesi wa "sawa, baba mdogo". Ninauogopa mkono huo kuliko basi la usiku.

Usidhani nasema lugha yako ndogo ni takatifu. Hapana, hilo sitakupa. Haiwezi kusema kwamba Damiani alikuwa akipanda huku anaimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya utani. Haiwezi kusema kwamba alikuwa akirina anaacha sega moja la nyuki, akisema nao wana watoto. Ukimweleza baba yako kwa kila na yupo na si, anayebaki ni mtu yeyote. Uking'ang'ania sana mashine yako isinyamaze, ipo siku itakuwa inajibu upesi maswali ambayo hakuna binadamu aliyeyauliza. Waambie hivyo walimu wako. Wakicheka, waambie amesema mtu anayejulikana na nyuki.

Lakini kuna jambo nililielewa baada ya mkutano, na sikukuambia kwa sababu ulikuwa huniongeleshi na mimi nilikuwa sikuongeleshi. Nilikwenda porini peke yangu. Nikapita kwenye mzinga mtupu wa mtu, umepakwa nta mdomoni, unangoja kundi liingie. Mzinga mtupu umeuona maisha yako yote. Nyuki wakiingia, umejua: wameupenda. Wasipoingia leo, hujajua kitu. Labda kesho. Wasipoingia mwezi huu, labda maua yajayo. Hakuna siku ambayo mzinga mtupu unakuambia hawaji. Jirani yangu mmoja alingoja mzinga wake mpaka gogo likaoza, na siku linaanguka bado alikuwa anasema labda.

Nikasimama pale nikaona kwamba ndicho nilichokifanya mkutanoni. Ile "sijui" ya mashine yako ilikuwa imemaliza kazi. Ilikuwa inanyoosha kidole mahali kilipokosekana kitu kimoja kidogo, jina la mtu. Mimi nikaona afadhali mzinga mtupu. Nikawapa watu kitu cha kungoja ili wasiniulize tena. Barazani kwangu nilikuwa nafanya hivyohivyo miaka yote, ila kule njaa ilikuwa inanisaidia kufunga kesi.

Kwa hiyo mtu akija kwako huko Dodoma anakuomba maneno zaidi, usimkatalie upesi, huenda ana jambo lisilosemeka kwa machache. Lakini muulize kwanza ni swali gani dogo ambalo hajalijibu. Mtazame miguu. Akianza kuichezesha, funga mlango wako, hata awe baba mdogo wa nani. Nimesema hili kwa hasira wala silirudii.

Miyombo imeanza kutoa maua, umeona mwenyewe. Nondo wameingia kwenye mizinga ya baba yako, nimewaona kutoka chini wakiruka mdomoni mwa mzinga. Mama yako ameitundika kamba yake kwenye msumari karibu na mlango, ili kila ninapokuja kula ugali wake niinamishe kichwa kuipita. Usiniambie ni bahati mbaya.

Asubuhi, kabla ya basi, washa hiyo takataka. Rudisha ule mlango wako. Zifute sentensi zangu zote, ya kumi na ya ndugu na zote, sizihitaji. Iache lugha ilivyokuwa siku nilipoicheka. Kisha andika kwamba aliyetundika mzinga wa kwanza kwenye mninga ni Damiani. Uliza swali. Najua itasema nini na najua itasema upesi. Umpelekee mwenyekiti jibu akiwa bado anapiga mswaki, mama yako akiwepo, na kamba iwepo. Mimi nisiwepo. Na wakikuuliza umejuaje, usiwasomee barua hii. Waambie shahidi amesema, inatosha. Hadithi ya chui waachie watoto, haimdai mtu kitu.

Wala usinishukuru. Bado nimekukasirikia, na utakapopanda basi sitapunga mkono, nitakuwa nageuza mzinga.

Unajua kwamba wakati wa hadithi ile wenzangu wanauliza kila mara, chui alikuwa na rangi gani, nami nawajibu kila mara tofauti. Sikumwona chui, kwa kuwa macho nilikuwa nimeyafumba. Nilikuwa chini ya mti nimeshika kamba, baba yako yuko juu anaimba, na hata kumtazama tu kulinitia kichefuchefu. Tangu utoto nikipanda kichuguu dunia inazunguka. Mnadhani masanduku ya chini niliyaleta kwa ajili ya maendeleo. Hata mahindi ya mbegu yaliyoko darini jikoni kwangu, ngazi yenyewe ni fupi, wewe unaijua, mama yako ndiye huwa ananipandia kuyateremsha.

Baba yako mdogo,
Sevelini